Siku niliyoificha gemu ya mume wangu

Leo sina mapishi, wala sina somo la udi na vikuba. Nina la kukiri. Nimemwomba ruhusa mume wangu kabla ya kuliandika, maana ni la nyumbani kwetu, si langu peke yangu. Kasema andika, lakini jina langu usilitaje na la mdogo wangu usilitaje. Basi sitawataja.

Ni hili: mwezi wa nane wa ndoa yangu niliiba PlayStation ya mume wangu.

Nirudi nyuma kidogo. Somo wangu, Mungu amlipe, alinikalia siku saba. Alinifundisha kusinga na liwa, kufukiza nguo, kumpokea mume anaporudi kazini, wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza. Kila kitu. Hakunifundisha la kufanya na mume anayesali Isha, anakula, anashukuru kwa chakula, halafu anakaa kwenye kochi na kukimbia juu ya mapaa ya Baghdad mpaka saa saba za usiku.

Gemu yenyewe inaitwa Assassin's Creed Mirage. Kampuni ya Kifaransa, Ubisoft, iliitoa Oktoba 2023. Wakati ule hata jina sikulijua. Nilichojua ni kwamba kuna kijana kajifunika kofia ya joho, anapanda kuta kama kima, anaruka chini, anamchoma mtu kisu kilichofichwa mkononi, anakimbia. Na wanaochomwa wamevaa vilemba.

Usiku mmoja nilitoka chumbani nikasimama mlangoni.

“Unaua Waislamu katika mji wa Waislamu, na umetoka kusali sasa hivi.”

Hakunyanyua macho. “Hebu kaa uone kwanza.”

“Nione nini?”

“Mji. Kaa uuone mji.”

Sikukaa. Nilirudi chumbani nikaufunga mlango kwa kishindo. Wala sikuwa na uchungu na wale wa vilemba, niwe mkweli. Nilikuwa mpweke. Nimetoka kwetu kwenye nyumba ya watu tisa, nimeletwa Fuoni kwenye chumba na ukumbi, mchana kutwa niko peke yangu, na mtu niliyemsubiri tangu asubuhi akirudi ananipa saa moja, mji uliokufa anaupa nne. Lakini kumwambia mume “nakukumbuka hali ya kuwa umekaa hapa” niliona haya. Kumwambia “unaua Waislamu” kulikuwa kwepesi, tena kulinipa haki.

Alhamisi moja alipoondoka kwenda kazini nilizichomoa nyaya, nikaifunga ile mashine kwenye kanga mbili kama mtoto mchanga, nikapanda daladala mpaka kwetu Unguja Ukuu. Nikamwambia Mama nakuwekea amana, usiulize. Mama hakuuliza. Saa tisa nilikuwa nimesharudi, chai iko jikoni.

Alipoikosa aliniuliza mara moja tu. Nikasema sijui.

Sasa nisikilizeni. Jumatano yake usiku mdogo wake alilala kwetu. Alikuja na begi, akaondoka na begi asubuhi ile ya Alhamisi, kabla yangu. Ni kijana wa miaka kumi na tisa, hana kazi bado, na zamani, akiwa mdogo, aliwahi kuuza simu ya kaka yake bila ruhusa. Mume wangu hakusema kitu. Aliinama akaitazama ile nafasi tupu chini ya televisheni, kisha akachukua simu akatoka nje kwenye ngazi. Sikusikia maneno, nilisikia sauti tu. Aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kuzika.

Na mimi nikanyamaza. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho ikawa Ijumaa, siku njema, nisiiharibu. Jumamosi mama mkwe akapiga simu, analia, anasema mwanangu kaapa kwa Mungu hakuchukua, mwambie mumeo asimwite mdogo wake mwizi. Nikamwambia Mama, nitasema naye. Siku kumi na moja zikapita. Shemeji hakuja tena kwetu. Mume wangu akawa anakaa kwenye kochi lile lile, usiku ule ule, hana gemu na wala hazungumzi nami. Nilichotaka nilikipata: nilikuwa na mume wangu masaa manne kila usiku, anatazama ukuta.

Siku ya kumi na mbili nikaenda kwetu kuifuata.

Nilipofika nilisikia Kiarabu kutoka ukumbini. Si Kiarabu cha darsa, ni cha sokoni, watu wanaitana, wanabishana bei. Mdogo wangu, ambaye anasoma chuo na alikuwa likizo, ameifungua amana yangu na kuiunganisha kwenye televisheni ya Mama. Na Mama, tasbihi mkononi, amekaa kwenye mkeka anatazama.

“Shikamoo, Mama. Nilikwambia usiulize.”

“Marahaba. Sikuuliza. Nimetazama tu. Kaa, mwanangu. Huo ndio mji wa Harun Rashid, unajua?”

Kwa mara ya pili naambiwa nikae nione mji. Safari hii nikakaa.

Wale mnaodhani gemu zote ni bunduki na magari, niwaeleze nilichokiona. Hadithi imewekwa Baghdad mwaka 861, kwa Hijria ni 247. Khalifa al-Mansur alianza kuujenga mji ule mwaka 762, akauchora duara kamili. Milango yake minne ilitazama Kufa, Basra, Khurasan na Sham, na katikati palikuwa na msikiti na kasri lenye kuba la kijani. Nje ya duara ndiko yalikokuwa masoko, mifereji, madaraja ya mashua juu ya Tigris. Wa Mji Mkongwe tunajua maana ya mji unaoweza kuugusa ukuta wake. Mji wa Duara wa Baghdad hauna ukuta uliobaki. Vita, mafuriko, karne za watu kuchukua matofali, Wamongolia mwaka 1258, umekwisha. Ukienda Iraq leo hutauona. Na pale ukumbini kwa Mama kijana wa Unguja Ukuu alikuwa anaukatisha kwa miguu, anapita kwenye duka la vitambaa, watu wanazungumza, paka wamelala juu ya magunia. Paka wamo wengi sana. Unaweza kumnyanyua paka ukampakata, na Mama kila akimwona mmoja anasema mchukue huyo, mchukue.

Basi nikaelewa kitu alichokuwa anakitazama mume wangu, na niliona haya.

Msidhani nimegeuka mpiga debe. Damu ipo nyingi, na gemu hii si ya watoto. Mwenye mtoto wa miaka kumi asinisingizie kwamba mie nimeruhusu. Tena historia wameikata na kuishona upya. Kijana wa hadithi, Basim, ni wa kubuni. Khalifa al-Mutawakkil kweli aliuawa mwaka 861, lakini waandishi wa tarehe wanasema aliuawa na askari wake wa Kituruki katika kasri lake Samarra, na kidole kikaelekezwa kwa mwanawe mwenyewe, al-Muntasir. Gemu inamuua kwa njia yake. Na makhalifa wakati huo walikuwa hawakai tena Baghdad; tangu mwaka 836 makao yao yalikuwa Samarra. Wale ndugu watatu Banu Musa, waliotunga kitabu cha mitambo ya maji na taa zinazojirekebisha zenyewe, walikuwepo kweli. Nyumba ya Hekima ilikuwepo pia, ila wataalamu mpaka leo wanabishana ilikuwa kubwa kiasi gani. Wengine wanaona ni maktaba ya kasri tu iliyokuzwa na masimulizi. Kwenye gemu ni jengo la kukufanya uvue viatu.

Lakini wameweka kitu ambacho sikukitarajia. Unapotembea unakuta alama, ukiifungua unapata makala fupi ya historia: karatasi ilivyotengenezwa, hamamu zilivyofanya kazi, dini za watu wa mji, na picha za vyombo halisi kutoka makumbusho, mojawapo Institut du Monde Arabe ya Paris. Mdogo wangu alikuwa anaziruka. Nikamwambia rudi. Ikawa yeye anakimbia, mimi nasoma kwa sauti, namfasiria Mama.

Ndipo Mama akauliza, “Na sie tulikuwa wapi siku hizo?”

Mdogo wangu akacheka. Mama hakucheka. “Nauliza kweli. Mwaka huo mliousema. Hapa palikuwa na nini?”

Dada zangu, hapa Unguja Ukuu palikuwa na mji. Nimezaliwa hapa, nimecheza kwenye ule ufukwe, na mtoto yeyote wa kwetu ameokota vigae vilivyotoka mchangani na kuvitumia kuchezea mchezo wa kupika. Vingine ni vyekundu vya kawaida. Vingine vina rangi ya kung'aa, bluu inayoelekea kijani. Tulikuwa tunagombania hivyo. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba wachimbaji wa mambo ya kale, akiwemo mwenzetu Dkt. Abdurahman Juma, wamechimba pale na kukuta mji wa biashara ulioishi tangu karne ya 7 hivi hadi ya 10, na kwamba vyombo vile vya kung'aa vililetwa na majahazi kutoka Iraq na Ghuba ya Uajemi. Miaka ile ile ya gemu. Chombo kinatoka kwenye tanuri kule, kinapakiwa chomboni, kinasafiri na kaskazi, kinavunjika jikoni kwa mwanamke fulani hapa kwetu, na mimi baada ya miaka elfu moja na zaidi nakitilia udongo nasema huu wali.

Nikamwambia Mama hivyo. Akatingisha kichwa. “Na kwenda kule, majahazi yalipakia nini?”

Mama anajua kuuliza.

Kwenye gemu yumo mtu anayeitwa Ali bin Muhammad. Mdogo wangu alikuwa ameshampita. Ni kiongozi wa waasi, na gemu inamwonyesha Baghdad akiwa mtetezi wa wanyonge. Mtu huyu alikuwepo kweli. Mwaka 869, miaka minane baada ya hadithi ya Basim, alikwenda kwenye vinamasi vya Basra na kuwaita watumwa waliokuwa wakifanya kazi ya kukwangua gamba la chumvi juu ya ardhi ili mashamba ya matajiri yapate kulimika. Kazi ya jua kali na maji ya chumvi, maelfu ya watu, unga na tende za kupimiwa. Waarabu waliwaita Zanj. Wakainuka. Waliitwaa Basra mwaka 871, wakajenga mji wao, al-Mukhtara, na ilichukua miaka kumi na nne mpaka ndugu yake khalifa, al-Muwaffaq, alipowashinda mwaka 883.

Zanj. Litamkeni jina la kisiwa chetu polepole, mtalisikia ndani yake.

Wataalamu wanabishana pia hapa. Wengine wanasema si wote walitoka pwani hii, jina lilitumika kwa weusi wa kila upande. Sawa. Lakini Basra hiyo hiyo, miaka hiyo hiyo, aliishi mwandishi mkubwa al-Jahiz, ambaye mwaka 861 alikuwa mzee na bado yu hai. Aliandika risala ya kuwasifu weusi, na humo akataja kwamba Zanj wako wa namna mbili, wa Qanbalu na wa Lanjuya. Qanbalu wengi wanaiweka Pemba. Na Lanjuya, wanasema wasomi, ni Unguja. Mtu wa Basra alilijua jina letu.

Niliposoma haya kwenye simu, nimekaa kizingitini kwa Mama na mashine imezimwa, nilipata kizunguzungu. Mume wangu ndiye kwa mikono yake amemwona huyo Ali, usiku, peke yake, na mimi niko chumbani nimegeukia ukuta.

Nina kinyongo na gemu kwa jambo moja. Ramani yake ina Baghdad na vijiji vya pembeni na jangwa, haifiki Basra. Vile vinamasi havimo. Unamwona kiongozi mwenye kilemba kizuri na maneno mazuri, ambaye hakuwa Zanj mwenyewe, lakini gamba la chumvi hulioni, wala mgongo wa aliyelikwangua. Na yaliyofuata hayasemwi: waasi wale walipopata nguvu nao walichukua mateka na kuwauza, wanawake wa koo kubwa za Kiarabu wakinadiwa kwa dirhamu chache. Mimi ni mtoto wa kisiwa ambacho soko lake la watumwa lilifungwa mwaka 1873 tu. Najua hadithi hizi hazina upande mmoja safi. Lakini nitawasifu kwa hili: walimtia. Wangeweza kutengeneza Baghdad ya mazulia na manukato wakaishia hapo, na nani angelalamika?

Nililala kwa Mama usiku ule. Mume wangu nilimtumia ujumbe kwamba Mama ana homa kidogo. Uwongo mwingine. Mkishaanza hamuachi.

Sikupata usingizi, nikaendelea kusoma, safari hii nikiwatafuta wanawake. Kwenye gemu yumo mmoja mkubwa, Qabiha, suria wa al-Mutawakkil na mama wa khalifa al-Mu'tazz, na wamemfanya adui mkuu. Jina lake maana yake ni mbaya wa sura. Walimpa kwa sababu alikuwa mzuri mno, kumkinga na jicho. Kama sisi tunavyowaita watoto Mashaka na Tabu. Kisa chake halisi kinatisha kuliko cha gemu. Mwaka 869 askari walimtaka mwanawe dinari elfu hamsini za mishahara. Kijana akamwomba mama yake, mama akasema hana. Wakamtoa kwenye ukhalifa na akafa mikononi mwao. Baadaye ikakutwa hazina ya Qabiha imefichwa, zaidi ya dinari milioni moja. Nikaiangalia ile PlayStation kwenye kanga zake, chini ya kitanda cha Mama. Nikageukia upande wa pili.

Halafu nikamkuta Buran. Huyu hayumo kwenye gemu, alikuwa kabla yake. Mabiharusi, huyu ni wenu. Aliolewa na Khalifa al-Ma'mun mwaka 825, nyumbani kwa baba yake Fam al-Silh, karibu na Wasit, na wanahistoria wa Kiarabu wanaitaja harusi ile mpaka leo. Wageni walirushiwa mabonge ya miski, ndani ya kila bonge kikaratasi: aliyepata shamba ni lake, aliyepata farasi ni wake. Sisi tunarusha pipi tunajiona tumetupa.

Usiku wa kuingizwa nyumbani, anasimulia Tabari, bibi yake alimwaga lulu elfu moja kutoka kwenye sinia ya dhahabu. Khalifa akaamuru zikusanywe, akamwekea biharusi mapajani, akamwambia hiyo ni zawadi yako, na sasa omba haja zako. Buran akanyamaza, kama biharusi yeyote. Bibi yake ndiye aliyemhimiza, sema na bwana wako, kakuamrisha useme. Na binti yule, akiwa na lulu elfu moja mapajani, hakuomba kitu chake. Alimwombea msamaha Ibrahim bin al-Mahdi, ami yake khalifa, aliyekuwa amejitangazia ukhalifa dhidi yake. Na akaomba Zubayda aruhusiwe kwenda kuhiji.

Zubayda mnamjua, yule mke wa Harun Rashid aliyeweka visima na mabirika kwenye njia ya mahujaji kutoka Kufa mpaka Makka. Lakini kumbukeni pia kwamba mwanawe, al-Amin, aliuawa mwaka 813 na jeshi la huyu huyu al-Ma'mun. Bwana harusi ni mtu ambaye majeshi yake yalimuua mtoto wa Zubayda. Na Zubayda alikuwepo harusini. Khalifa alikubali yote mawili, na Zubayda akamvisha biharusi vazi la thamani lililotoka kwa Bani Umayya.

Mimi usiku wangu wa harusi niliulizwa pia. Mume wangu aliniuliza unataka nini kwangu, nikasema kabati la milango mitatu. Nililipata. Liko chumbani, zuri.

Alfajiri nilimwamsha Mama nikamweleza yote, mpaka la shemeji, ambalo hakuwa akilijua. Alinisikiliza amefumba macho. Nilidhani atanigombeza. Alisema tu, “Daladala ya kwanza ni saa kumi na mbili.”

Mume wangu alikuwa hajatoka. Nikaiweka mashine mezani mbele yake, ndani ya kanga zake, nikazifungua. Nilikuwa nimejipangia maneno njia nzima, kuhusu upweke, kuhusu somo, hata kuhusu Buran. Hakuna hata moja lililotoka. Nilisema, “Niliichukua mimi. Mdogo wako hakuiona.”

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliikalia kimya muda mrefu, kisha akauliza, “Siku zote hizi, Mama analia kwenye simu, na wewe ulikuwa unasikia?”

Nikasema ndiyo.

Akampigia mdogo wake, akaiweka simu kwenye spika, akanisogezea. Yeye hakusema neno. Basi nikasema mimi. Shemeji alikaa kimya, nikasikia pikipiki zinapita kule alipo. Halafu akasema, “Shemeji, mimi siku ile ya simu nilikuwa na miaka kumi na mbili.” Akakata.

Tulikwenda kwa mama mkwe jioni ile ile, wote wawili, na nilirudia maneno yale mbele ya watu saba na sinia ya mikate. Haikuwa nyepesi na sitawapambia. Wifi yangu mkubwa mpaka leo ananisalimia kwa kunitazama bega.

Imepita miezi mitano. Mume wangu hucheza Ijumaa na Jumamosi, na saa nne na nusu huzima, hilo tuliagana. Siku nyingine zote ananiudhi kwa njia za kawaida za waume. Mara nyingi nakaa pembeni na kikombe changu, zile alama zikitokea namwambia simama nisome, naye anasimama, hata kama anafukuzwa na askari. Juzi kati nilimwambia ile sentensi niliyoshindwa kuisema mwezi wa nane, kwamba nilikuwa namkumbuka hali ya kuwa amekaa mbele yangu. Akanijibu kwamba yeye naye alikuwa anaogopa kuzungumza, hajui wanawake wanazungumziwa nini usiku, kwao walizaliwa wanaume watano na dada mmoja aliyeolewa mapema.

Shemeji alikaa wiki sita ndipo akaja. Alikuja na begi tupu, limefunguliwa zipu, akalipitisha mbele yangu mlangoni nilikague. Alicheka yeye, mimi nikashindwa. Alikula. Alilala kwetu mara moja tu tangu hapo, lakini alilala.

Na Mama anapiga simu kila Jumamosi usiku. Hanisalimii mimi kwanza siku hizi, anamuuliza mkwewe kama yule kijana ameshafika Basra kuwatoa watu kwenye chumvi. Mume wangu anamwambia, “Hafiki, Mama. Ramani inaishia Baghdad.” Mama anasema basi wampelekee salamu hao waliotengeneza, waiongeze.